Upepo Upimwe Kwanza: Kuhusu Kujenga Mtambo Mdogo wa Umeme wa Upepo Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Rungwa, Halmashauri ya Wilaya ya Itigi



Mwezi Juni mwaka 2007, mjini Arusha, kijana wa Kimalawi mwenye umri wa miaka 19 alipanda jukwaani mbele ya hadhira iliyotoka nchi nyingi, akaeleza kwa maneno machache namna alivyojenga kinu cha upepo nyumbani kwao. Jina lake ni William Kamkwamba. Kazi hiyo aliianza miaka mitano kabla, akiwa na miaka 14, baada ya njaa kubwa iliyoikumba Malawi na kuwaacha wazazi wake bila fedha ya ada. Kwa kuwa hakuweza kuendelea na sekondari, alikwenda kusoma katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na humo akakuta kitabu cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo. Hakukuwa na mwalimu wa kumwongoza. Alichukua feni ya trekta bovu, shokapu, fremu ya baiskeli, bomba la plastiki alilolipasha moto na kulibanjua likawa mapanga, na dainamo ndogo ya baiskeli. Vyote akavipandisha juu ya mnara wa magogo ya mkaratusi. Taa ikawaka. Baadaye kinu hicho kiliwasha taa nne na redio mbili, na majirani wakawa wanakuja kuchaji simu.

Kisa hiki kimeandikwa kitabuni na kutengenezewa filamu, na kila kinaposimuliwa, vijana wengi huondoka na hamu ya kwenda kutafuta dainamo. Hamu hiyo ni njema. Lakini kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo wasikilizaji hulipita upesi, nalo ndilo linalowahusu zaidi wakazi wa Rungwa. Mnara wa kwanza wa Kamkwamba ulikuwa na urefu wa takriban mita 5. Baadaye aliurefusha hadi mita 12. Hakufanya hivyo kwa ajili ya sifa. Miti iliyozunguka nyumba yao ilikuwa inamzuilia upepo.

Rungwa ni nchi ya miti. Miyombo, mitundu na mininga imeizunguka kata hii pande zote, na ng'ambo ya mashamba limetanda pori la akiba. Ni neema kwa wafuga nyuki, ni neema kwa mvua na kwa kivuli, lakini kwa anayetaka kuvuna upepo karibu na ardhi, msitu ni ukuta. Upepo unaokutana na miti hupungua kasi, na kilicho kibaya zaidi, huvurugika: huja kwa vishindo kutoka huku na kule, mtambo ukageuka-geuka bila kuzunguka ipasavyo, na vyuma vyake vikachoka kabla ya wakati.

Hapa yafaa kusahihisha dhana iliyoenea. Mkoa wa Singida husifiwa kwa upepo, na sifa hiyo ina msingi. Vipimo vinavyonukuliwa katika taarifa za nishati za Serikali vinaonesha kwamba eneo la Kititimo, karibu na mji wa Singida, lina wastani wa kasi ya mita 9.9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30 kutoka ardhini. Makambako, mkoani Njombe, ni mita 8.9. Hizo ni kasi zinazowavutia wawekezaji wa mitambo mikubwa. Lakini kutoka Kititimo hadi Rungwa ni zaidi ya kilomita 200, kule ni uwanda ulio wazi na huku ni msitu, na kimo cha mita 30 ni kirefu kupita mti wowote wa hapa. Mwananchi wa Rungwa asiyajengee matumaini yake mtambo juu ya upepo wa Kititimo.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Kasi ikipungua hadi theluthi moja, kwa mfano kutoka mita 9.9 hadi mita 3.3, kinachobaki ni sehemu moja tu kati ya sehemu 27. Hiyo ni kanuni ya maumbile, na hakuna fundi awezaye kuikwepa kwa kununua mapanga mazuri zaidi. Mwanasayansi wa Kijerumani Albert Betz alikwisha kuonesha miaka ya 1920 kwamba hata mtambo uliokamilika kabisa hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Mtambo uliotengenezwa nyumbani, baada ya kuhesabu hasara za koili, nyaya na betri, hupata robo yake, na mara nyingi pungufu ya hapo.

Tuuchukue mtambo wenye mapanga matatu ambayo duara lake lina kipenyo cha mita 2, ambacho ndicho kipimo kinachomfaa mjenzi wa mara ya kwanza. Upepo ukivuma kwa mita 3 kwa sekunde, mtambo huo utatoa takriban wati 10, zinazotosha taa mbili ndogo. Kwa mita 4 utatoa wati 25 hivi. Kwa mita 5, wati 50. Kwa mita 6, wati 80 au 90. Yule aliyejenga mahali penye mita 3 na yule aliyejenga mahali penye mita 6 wametumia fedha ileile, mbao zilezile na jasho lilelile.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima, kabla hata ya kununua waya. Kipima upepo cha kushika mkononi kinaweza kupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara mijini, lakini asiyekuwa nacho hakukosa macho. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, aliandaa kipimo cha kuukadiria upepo kwa kutazama tanga za meli. Baadaye wataalamu wakakiongezea dalili za nchi kavu. Majani ya mti yakichakarika na uso ukahisi ubaridi wa upepo, kasi ni kati ya mita 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Majani na vitawi vyembamba vikitikisika bila kupumzika, na bendera ya shule ikanyooka, ni kati ya mita 3.4 na 5.4. Vumbi likipeperuka na karatasi zikaruka, matawi madogo yakayumba, ni kati ya mita 5.5 na 7.9. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, upepo umefika mita 8 na kuendelea.

Daftari la mwanafunzi latosha. Aandike mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, kila siku, akitazama mahali palepale anapokusudia kusimamisha mtambo na si barabarani au sokoni. Kipande cha kitambaa chepesi kikifungwa juu ya mti mrefu au nguzo kitamwonesha pia upepo unatoka upande gani na kama umetulia au unavurugika. Wiki mbili hazitoshi. Katika kanda ya kati upepo wa kiangazi na upepo wa masika ni vitu viwili tofauti, na anayepima mwezi Agosti peke yake atajidanganya. Mwaka mzima ndio unaosema kweli. Mwenye haraka apime angalau kiangazi na masika. Safu ya saa mbili usiku isirukwe: nchi kavu, mbali na bahari, upepo wa karibu na ardhi mara nyingi hulala jua linapozama, wakati uleule ambapo familia inahitaji taa.

Ikiwa daftari limeonesha kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka ni majani tu yanayochakarika, basi jibu limepatikana bila kupoteza shilingi. Kwa wastani wa mita 3 kwa sekunde, ukihesabu na vipindi vya upepo mkali vilivyomo ndani ya wastani huo, mtambo wa kipenyo cha mita 2 utazalisha kwa siku nishati ya takriban wati-saa 400. Paneli moja ya jua ya wati 100, katika siku yenye jua la kawaida, huzalisha kiasi hichohicho. Paneli haina kitu kinachozunguka, haihitaji mlingoti, na mtoto hawezi kukatwa nayo. Na kaya yenye taa nne za wati 5 kwa saa nne, simu tatu, redio na televisheni ndogo kwa saa tatu za jioni hutumia kama wati-saa 230. Mwenye kuuza madumu yake ya asali ili apate mwanga wa watoto kusomea, anayeishi katikati ya miti, anunue paneli. Hilo lisemwe waziwazi, hata kama mazungumzo haya yameitishwa kwa ajili ya upepo.

Wapo wanaodhani kwamba upepo utawasaidia wakati wa masika, jua linapofichwa na mawingu. Kwa sehemu kubwa ya kanda ya kati haiko hivyo. Upepo wenye nguvu huja kiangazi, wakati jua nalo ni kali. Msaada halisi wa upepo ni wa usiku, kwa wale ambao mahali pao upepo haulali.

Nani basi ajenge? Ajenge aliye pembezoni mwa mbuga au mashamba mapana yasiyo na miti, au aliye juu ya kilima, ambaye daftari lake limeonesha vitawi vinatikisika na vumbi linapeperuka siku nyingi. Ajenge pia kijana anayetaka kujifunza ufundi, maadamu anajua kwamba ananunua elimu na si umeme wa bei nafuu.

Mashine yenyewe inahitaji maelezo mafupi tu, kwa sababu michoro yake imechapishwa na kutumika katika nchi nyingi. Mchoro unaofuatwa zaidi ni wa Hugh Piggott, fundi wa kijiji cha Scoraig huko Uskochi, ambako nyumba zilikaa miaka mingi bila umeme wa gridi. Mapanga yake huchongwa kwa mbao. Jenereta hutengenezwa kwa diski mbili za chuma zilizobandikwa sumaku kali, na katikati yake diski ya koili za waya wa shaba zilizomiminiwa resini. Mkia huelekeza mtambo kwenye upepo, na upepo ukizidi, mkia huohuo hujikunja na kuugeuza mtambo ubavu ili usijivunje. Seremala wa Rungwa hashindwi kuchonga mapanga hayo. Mbao ziwe zimekauka vyema na zisiwe na fundo, na zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali. Ufundi wa umeme hauhalalishi kukata mninga msituni. Sumaku zishikwe kwa uangalifu, kwani mbili zikivutana na kidole kikiwa katikati, kidole hupondeka.

Mtego unaowanasa wengi ni alteneta ya gari. Inapatikana gereji, ni ya bei nafuu, na inaonekana kama jenereta iliyokwisha tengenezwa. Lakini alteneta hutaka kuzungushwa mara 1,000 na zaidi kwa dakika ndipo ianze kuchaji vizuri, wakati mtambo wa kipenyo cha mita 2 katika upepo wa mita 5 huzunguka mara 300 hivi. Tena alteneta hula umeme wa betri ili kuamsha sumaku yake. Matokeo ni mtambo unaozunguka mchana kutwa huku ukimaliza betri badala ya kuijaza.

Tofauti nyingine kati ya upepo na jua imewagharimu watu. Paneli ya jua inaweza kukatwa kwenye betri wakati wowote na isidhurike. Mtambo wa upepo ukikatwa kwenye betri wakati unazunguka hukosa mzigo wa kuushikilia, nao hukimbia kupita kiasi. Mapanga yanayozunguka kwa kasi ya mara 6 ya upepo, katika upepo wa mita 12 kwa sekunde, ncha zake huenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Panga linalochomoka kwa kasi hiyo huua. Kwa hiyo kidhibiti chaji cha sola hakifai kwa upepo. Kinachotakiwa ni kidhibiti cha upepo, ambacho betri ikijaa huupeleka umeme wa ziada kwenye kipasha joto au taa kubwa ili mtambo usibaki bila mzigo. Pamoja nacho pawepo swichi ya breki, inayounganisha pamoja nyaya tatu zitokazo kwenye jenereta ya sumaku. Zikiunganishwa, mtambo hupunguza mwendo hadi karibu kusimama. Breki hiyo ifungwe mapema, kabla dhoruba haijafika.

Betri ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na koroboi, kwa kuwa betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Isitumiwe hadi ikauke: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini anayetaka idumu asichukue zaidi ya nusu. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi. Kamkwamba mwenyewe alijifunza hatari ya nyaya kugusana ndani ya nyumba ya nyasi, akatengeneza kikata umeme chake kwa misumari, waya na sumaku. Leo fyuzi inauzwa dukani, na bei yake hailingani hata kidogo na paa la nyumba.

Urefu wa nyaya nao upigiwe hesabu. Umeme wa volti 12 na ampea 8 ukipita katika nyaya za shaba za milimita 2.5 za mraba, umbali wa mita 50 kwenda na mita 50 kurudi, hupoteza njiani volti kati ya 5 na 6. Karibu nusu imeishia kupasha waya joto. Dawa ni nyaya nene, au mfumo wa volti 24, au betri kukaa karibu na mlingoti.

Mlingoti ndio unaokula fedha na ndio unaofanya kazi ya hatari zaidi. Kanuni inayokubalika ni kwamba mapanga yawe juu ya kila kizuizi kilichopo ndani ya mita 100 kwa angalau mita 10. Mti wa mita 12 ukiwa jirani, mlingoti uwe mita 22. Yule asiyeweza kuufikisha huko asiurefushe nusu-nusu akitumaini. Aufanye mradi mahali pengine au aache. Na mtambo usifungwe juu ya paa. Upepo wa juu ya paa umevurugika, mtetemo hulegeza misumari ya bati na kupasua kuta za matofali, na kelele yake haimwachi mtu alale.

Njia salama ni bomba la chuma lenye bawaba chini, linaloweza kuinuliwa na kulazwa kwa kamba na nguzo ya kuvutia. Lishikwe na nyaya za chuma pande nne, na nanga zake zichimbiwe kwenye zege, kila moja umbali usiopungua nusu ya urefu wa mlingoti. Siku ya kuinua, watu wanne au watano wenye kusikilizana wanatosha, na msemaji awe mmoja. Wengine wote, hasa watoto, wakae mbali kuliko urefu wa mlingoti wenyewe. Nyaya za kushikilia zifungwe vitambaa vyeupe ili waendesha baiskeli na wachunga ng'ombe wazione jioni. Kwa walio karibu na mpaka wa pori, nanga zisichimbiwe kwenye njia za tembo. Wenyeji wanazijua njia hizo vizuri kuliko ramani yoyote.

Chini ya mlingoti upigwe waya wa ardhini uliounganishwa na fimbo ya shaba iliyozama ardhini, kwa ajili ya radi. Fimbo hiyo hupunguza madhara lakini haiizuii radi. Mawingu ya mvua yakikusanyika, breki ifungwe na kila mtu aondoke mlingotini.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, jirani ambaye unaweza kuangukia kwake aelezwe, na ofisi ya kijiji ipewe taarifa. Kwa nyumba iliyounganishwa na TANESCO, umeme wa mtambo usiingizwe kamwe kwenye nyaya za nyumba hiyo bila kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Gridi inapokatika na fundi wa TANESCO akapanda nguzo akiamini kwamba laini haina umeme, umeme unaorudi kutoka kwenye nyumba ya mtu kupitia transfoma unaweza kumuua. Taa za mtambo ziwe na nyaya zake peke yake.

Baada ya mtambo kusimama, ulazwe chini baada ya mwezi wa kwanza, nati zote zikazwe upya na mapanga yakaguliwe kama yana ufa. Kisha ulazwe mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi na kabla ya mvua za kwanza. Mapanga ya mbao yapakwe rangi au mafuta upya kila yanaposhushwa, kwa sababu maji yakiingia kwenye panga moja, uzito wa mapanga matatu hautalingana tena, na mlingoti wote utaanza kutikisika. Daftari la upepo liendelee kuandikwa, na pembeni yake ziandikwe volti za betri asubuhi na jioni.